Vifaranga wanahara damu: amprolium, salfa, toltrazuril au shubiri mwitu?

Jioni vifaranga wa wiki nne wanakula vizuri. Asubuhi watatu wamejikunyata kwenye kona, mbawa zimelegea, manyoya yamesimama, na maranda yana madoa mekundu. Ukikimbilia duka la dawa za mifugo, unachopewa kinategemea kilichopo rafuni siku hiyo: huyu atakupa pakiti ya amprolium, yule salfa, mwingine kichupa cha toltrazuril. Ukipitia kwa jirani atakukatia jani la shubiri mwitu, na bure. Zote nne zina mahali pake, na kila moja ina mahali ambapo ni kupoteza siku mbili ambazo huna. Ulinganisho huu ni wa mfugaji mwenye kuku kumi hadi mia nyuma ya nyumba, anayepima dawa kwa kijiko na kumwaga maji kwenye ndoo ya lita kumi.

Kabla ya dawa: je, ni koksidia kweli?

Kuhara damu kwa vifaranga mara nyingi husababishwa na koksidia, vimelea vidogo vinavyozaliana ndani ya ngozi ya utumbo na kuipasua. Mayai yake hutoka na kinyesi. Yakikuta unyevu na joto, kwa siku moja au mbili huwa tayari kuambukiza, na kifaranga huyameza akichakura maranda. Damu huonekana siku ya nne au ya tano tangu kuyameza. Kwa hiyo siku unayoiona, ugonjwa una karibu wiki bandani. Wanaoshikwa zaidi ni wa wiki tatu hadi nane. Kabla ya siku kumi ni nadra.

Si kila kinyesi cha ajabu ni ugonjwa. Kuku mzima hutoa mara kwa mara kinyesi laini cha kahawia iliyokolea, kama uji mzito wa ulezi, chenye harufu kali kuliko kile cha kawaida chenye kofia nyeupe. Hicho hutoka kwenye vifuko viwili vya utumbo na ni dalili ya uzima. Wengi wamenunua dawa kwa sababu yake.

Kuna magonjwa mengine ambayo dawa zetu nne si tiba yake, na mengine zinayazidisha. Kijani kibichi cha kuhara, kuhema, shingo kupinda, na vifo vya kuku wa umri wote ndani ya siku chache: hicho ni kideri, hakina dawa, kina chanjo. Njano ya kibiriti kwa kuku wakubwa, na kishungi kilichopauka: fikiria homa ya matumbo. Vifaranga wa wiki ya kwanza hadi ya tatu waliozibwa njia ya haja kwa kinyesi cheupe kilichokauka: fikiria kuhara nyeupe kunakotoka kwa mama au kwenye mashine ya kutotolesha. Kuku aliyekonda polepole mwezi mzima, anakula lakini kifua kimebaki mfupa, huenda ana minyoo.

Gumboro ndiyo inayochanganya watu zaidi, maana inakuja umri uleule wa wiki tatu hadi sita. Kifaranga hutetemeka, hudonoa sehemu yake mwenyewe ya haja, na huhara maji meupe. Damu kwenye kinyesi si kawaida yake. Tofauti hii ina uzito kwa sababu gumboro huvimbisha figo, na salfa huzielemea figo hizohizo. Mfugaji anaweka salfa akidhani ni koksidia, kesho yake vifo vinaongezeka, halafu lawama zote zinakwenda kwa gumboro.

Njia ya uhakika ya nyumbani ni kumfungua kifaranga aliyekufa ndani ya saa moja au mbili, kabla hajaoza. Vaa glavu, au mifuko miwili ya plastiki mkononi. Mlaze chali, kata ngozi ya tumbo chini ya kidari, vuta utumbo taratibu mpaka pale mwembamba unapokutana na mpana. Hapo kuna vifuko viwili virefu vilivyozibwa mwisho, mfano wa vidole. Kwa kifaranga mzima ni vyembamba, vina rangi ya kijivu au kahawia. Kwa mwenye koksidia ya damu vimevimba, ni vyekundu vilivyokolea kama soseji, na ukivipasua unakuta damu, au donge gumu kama jibini lililochanganyika na damu ikiwa ugonjwa una siku kadhaa. Kama vifuko ni vizima lakini sehemu ya kati ya utumbo mwembamba imefura na ukutani ina vidoti vyeupe na vyekundu, hiyo pia ni koksidia, ya jamii nyingine. Choma au fukia mzoga, nawa kwa sabuni. Kama kuku wengi wa umri wote wamekufa ghafla usiku mmoja, usifungue hata mmoja. Mwite afisa mifugo.

Na neno moja kuhusu pakiti ya OTC, yaani oksitetrasaiklini, ambayo karibu kila nyumba inayo. Oksitetrasaiklini inaua bakteria, koksidia haiiui. Vifaranga wanaopona wakiwa wanainywa wamepona wenyewe.

Tunalinganisha kwa vigezo gani

Cha kwanza ni hatua ya kimelea ambayo dawa inaipiga, kwa sababu hiyo ndiyo inayoamua kama inafaa kabla damu haijaonekana au baada. Cha pili ni kipimo, hasa urahisi wa kukipata kwa vifaranga ishirini badala ya elfu mbili. Cha tatu ni usalama: ukikosea ukazidisha, nini kitatokea? Cha nne ni mayai na nyama. Bei tunaiweka mwisho kwa makusudi, kwani tofauti ya bei kwa kundi dogo ni ndogo kuliko thamani ya vifaranga wawili wa chotara.

Kwa zote: dawa hupitia maji, si chakula. Kifaranga mgonjwa huacha kula mapema, lakini kunywa huendelea karibu mpaka mwisho.

Amprolium

*Inavyofanya kazi.* Koksidia inahitaji vitamini B1 ili izaliane. Amprolium inafanana sana na B1, kimelea kinaipokea badala yake, kinakosa cha kuishi nacho. Inapiga zaidi kizazi cha kwanza, kinachokua siku ya tatu hivi tangu kifaranga ameze mayai. Maana yake kwa mfugaji ni kwamba kifaranga ambaye tayari anatoka damu haisaidii sana, lakini wenzake ambao walimeza jana na juzi inawaokoa.

*Kipimo.* Pakiti nyingi ni unga wa asilimia 20. Kipimo cha tiba kinachoandikwa mara kwa mara ni gramu 30 kwa lita 25 za maji, yaani gramu 1.2 kwa lita, siku 5 hadi 7. Baada ya hapo robo ya kipimo, gramu 0.3 kwa lita, kwa wiki moja au mbili ili kumalizia wale waliochelewa kuambukizwa.

Shida ni kwamba vifaranga 20 wa wiki nne hunywa kama lita moja na nusu tu kwa siku, na mizani ya jikoni haioni gramu 1.8. Kijiko cha chai hakiaminiki, unga mmoja ni mwepesi na mwingine umeshindiliwa. Fanya hivi: mwaga pakiti nzima ya gramu 30 juu ya karatasi kavu, itandaze kwa rula iwe mstatili wenye unene sawa, igawe kati mara nne, kila kipande nusu kwa nusu. Utapata mafungu 16 ya karibu gramu 1.9. Fungu moja ni la lita moja na nusu. Funga kila moja kwenye kikaratasi chake na uweke pakavu. Ukifika kwenye dozi ya robo, fungu lilelile linaingia kwenye lita sita. Kwa kundi la ishirini gawa fungu mara mbili tena na utumie robo moja kwa siku.

*Usalama.* Ni mpole. Ukizidisha kidogo kwa siku moja hakuna kitakachotokea. Ukiendelea na dozi kamili wiki kadhaa, utaona miguu dhaifu na shingo kupinda nyuma kama kifaranga anaangalia dari. Huo ni upungufu wa B1 ulioletwa na dawa. Acha dawa, mpe vitamini B1.

Kosa kubwa ni la upande wa pili. Mfugaji anaweka amprolium kwenye maji, halafu kwa huruma anaongeza kijiko cha unga wa vitamini. Unga mwingi wa vitamini una B1. Umemlisha kimelea kile ulichokuwa unamnyima. Vitamini zisubiri mpaka siku za dozi kamili ziishe.

*Mayai na nyama.* Hapa amprolium inaongoza wazi. Marekani na Umoja wa Ulaya huruhusu kuitumia kwa kuku wa mayai bila siku za kusubiri. Angalia tu kwamba pakiti ni amprolium peke yake. Zipo zilizochanganywa na salfa, na hapo sheria ya salfa ndiyo inayofuatwa.

*Inamfaa nani.* Mwenye vifaranga wa umri mchanganyiko na mitetea inayotaga bandani humo humo. Mwenye kuona dalili mapema: vifaranga wamezubaa, kinyesi kina ute wa rangi ya chungwa, damu bado. Haimfai sana aliyegundua siku ya tatu ya damu.

Salfa

Jina hili linabeba dawa nyingi. Ukiona kwenye pakiti neno linaloanza na sulfa- au sulpha-, ni ya ukoo huu, na kila moja ina kipimo chake. Ndiyo maana kipimo cha jirani hakikufai hata kama naye alinunua salfa.

*Inavyofanya kazi.* Inapiga zaidi kizazi cha pili cha kimelea, kile kinachopasua utumbo na kuleta damu. Kwa hiyo damu ikishaonekana, salfa ina kazi ya kufanya kuliko amprolium. Tena inaua baadhi ya bakteria wanaoingia kupitia vidonda vya utumbo, jambo ambalo amprolium na toltrazuril hazifanyi.

*Kipimo.* Fuata kibandiko. Mpangilio ambao umezoeleka ni siku tatu za dawa, siku mbili za maji matupu, kisha siku tatu za dawa. Zile siku mbili usiziruke: figo zinapumzika, na kimelea kilichokuwa hatua ya mapema kinakua hadi hatua ambayo dawa inakiweza.

*Usalama.* Hapa ndipo pa kuangalia sana. Salfa hutoka kwa njia ya figo, na isipopata maji ya kutosha huganda humo. Baadhi, hasa sulfaquinoxaline, huzuia pia vitamini K, kwa hiyo damu haigandi. Kifaranga aliyezidishiwa huvuja damu ndani ya misuli na chini ya ngozi. Fikiria kinachotokea Dar es Salaam au Mombasa mwezi Februari. Joto likipanda, kuku hunywa maji mengi zaidi, na wanapokunywa zaidi ya kawaida wanameza dawa zaidi ya kawaida ingawa wewe hukukosea kupima. Wakati wa joto kali weka maji ya dawa asubuhi na jioni, mchana maji matupu, na kadiria kiasi cha dawa kwa maji waliyokunywa jana kwa siku nzima. Vitamini K katika siku zile mbili za katikati ni wazo zuri.

Kama kuna shaka ya gumboro, salfa iache dukani.

*Mayai na nyama.* Mabaki hukaa kwenye yai na kwenye nyama. Kuku wa mayai wasipewe. Mbali na mabaki, salfa hupunguza utagaji na maganda ya mayai ya kahawia hupauka. Kwa nyama, vibandiko vingi hutaka siku za kusubiri, mara nyingi kama 10. Hesabu kuanzia siku ya mwisho ya dawa. Na kumbuka kwamba wapo walaji wenye mzio wa salfa.

*Inamfaa nani.* Mwenye kundi la vifaranga wa umri mmoja, damu imeshaonekana, ana maji ya kutosha, na anaweza kukaa nao karibu. Haimfai anayeshinda kazini na kuachia watoto ndoo moja kwa siku nzima.

Toltrazuril

*Inavyofanya kazi.* Hupiga hatua zote za kimelea zilizo ndani ya ngozi ya utumbo, za mapema na za baadaye. Ndiyo maana inatolewa siku mbili tu na inafaa hata damu ikiwa imeanza.

*Kipimo.* Kimiminika cha asilimia 2.5, maana yake kila mililita ina miligramu 25. Kuku anahitaji miligramu 7 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, siku mbili mfululizo. Chukua vifaranga 20 wa wiki nne, pima watano kwa pamoja kwenye mfuko juu ya mizani ya jikoni, gawa kwa tano. Tuseme wastani ni gramu 300. Kundi zima ni kilo 6. Mara 7 ni miligramu 42, gawa kwa 25, unapata mililita 1.7 kwa siku. Vuta kwa sindano isiyo na ncha ya chuma, weka kwenye maji wanayomaliza kwa siku, ambayo kwa umri huo ni kama lita moja na nusu hadi mbili. Kwa asiyetaka hesabu, mililita 1 kwa lita mchana na usiku kwa saa 48 inafika karibu na hapohapo. Wengine hutoa mililita 3 kwa lita kwa saa 8 tu kila siku, kwa siku mbili. Usizidishe mililita 3 kwa lita: dawa hujitenga na maji, ikatuama chini, na kifaranga wa kwanza kunywa chini anapata ya wote.

Maji ya dawa yaliyobaki yamwagwe baada ya saa 24.

*Usalama.* Kwa kuku ina nafasi pana. Kwa mfugaji ni vingine: kimiminika chenyewe ni kikali kama magadi, kinachoma ngozi na macho. Usikihamishie kwenye chupa ya soda. Watoto wa nyumbani hawasomi kibandiko ambacho hakipo.

*Mayai na nyama.* Hairuhusiwi kwa kuku wanaotaga, wala kwa mitetea ambayo iko karibu kuanza. Ulaya hutaka angalau wiki nne kabla ya yai la kwanza, na siku 16 hivi kabla ya kuchinja. Kwa mwenye broila huu ndio mtego. Broila aliyetibiwa siku ya 25 hawezi kuuzwa siku ya 35.

*Bei.* Chupa ni ghali kuliko pakiti ya amprolium. Lakini kundi la ishirini linatumia chini ya mililita 4 kwa tiba nzima, kwa hiyo kichupa kidogo kinatosha, au wafugaji watatu wanunue kimoja wagawane siku hiyohiyo.

*Inamfaa nani.* Mwenye damu nyingi bandani leo, vifaranga walio mbali na kutaga, na mtu anayeweza kusimamia siku mbili kwa umakini kuliko siku nane kwa kusahausahau. Inafaa pia kwa kifaranga aliyeacha kunywa kabisa: chota maji ya dawa, mdondoshee pembeni mwa mdomo mililita moja au mbili kila baada ya saa chache. Usimwage katikati ya mdomo, yataingia kwenye njia ya hewa.

Shubiri mwitu na mwarobaini

*Inavyofanya kazi.* Jani la shubiri lina vitu viwili tofauti. Chini ya ganda kuna utomvu wa njano mchungu, ambao unaharisha, na huo ndio uliotumika tangu zamani kama haluli. Ndani kuna ute mweupe, laini, unaotuliza ngozi iliyochubuka. Mfugaji anayetwanga jani zima anampa kifaranga anayehara kitu cha kumwongezea kuhara. Utafiti uliofanywa juu ya shubiri na koksidia umeonyesha nafuu ya kiasi, hasa kwenye vidonda vya utumbo. Kuzima mlipuko wa damu ndani ya siku mbili ni jambo jingine, na hilo haliliwezi.

*Kipimo.* Hakuna kilichokubalika, kila nyumba ina chake. Ukiitumia, kata jani upande wa shina, lisimamishe kwenye kopo robo saa utomvu wa njano uchuruzike, menya, tumia ute peke yake.

*Usalama.* Hatari yake kubwa ni uchungu, na ya mwarobaini zaidi. Kifaranga akionja maji machungu anakunywa kidogo, na kifaranga anayehara anakufa kwa ukosefu wa maji kabla ya kufa kwa koksidia. Mbaya zaidi ni kuchanganya majani machungu kwenye ndoo yenye amprolium: maji wanayokunywa yanapungua, na dozi inapungua nayo, halafu unaambiwa dawa ya dukani haifanyi kazi siku hizi.

*Mayai na nyama.* Hakuna siku za kusubiri zilizowekwa, na kwa anayeuza mayai ya kienyeji kwa wateja wasiotaka dawa hilo lina uzito.

*Inamfaa nani.* Kuku wakubwa wa kienyeji wenye kuhara kidogo bila damu, waliochangamka na wanaokula. Vifaranga walio katika hali ya kupona, baada ya dawa. Na mtu aliye mbali na duka, kwa ile siku moja ya kusubiri, mradi maji matupu yawepo pembeni.

Kinachoangusha dawa zote nne

Maranda mabichi. Unatibu siku tano, na chini ya chombo cha maji pana duara la unyevu lenye mayai ya koksidia ya kutosha kuwaambukiza tena wote. Jiki haiyaui, na dawa nyingi za kunyunyizia bandani haziyaui. Yanaogopa ukavu na joto. Siku ya kwanza ya dawa, toa maranda yote ya eneo la maji, mwagia sakafu maji yanayochemka, acha ikauke, weka maranda makavu. Inua chombo cha maji juu ya matofali au wavu kiasi cha usawa wa mgongo wa kifaranga, ili asiingize miguu. Kila asubuhi geuza maranda, na palipolowa toa.

Kosa la pili ni chanzo kingine cha maji. Mvua za masika zinapoacha dimbwi nje ya banda, kifaranga hatakunywa maji ya dawa akiwa na dimbwi. Siku za tiba wafungie.

La tatu ni kuacha mapema. Damu hukoma siku ya pili au ya tatu na mfugaji anahifadhi nusu ya pakiti kwa ajili ya safari ijayo. Waliomeza mayai jana bado wako njiani.

Ukishamaliza dawa, siku tatu hadi tano za vitamini A na K husaidia utumbo kufunga vidonda. Waliopona wana kinga dhidi ya jamii ile ya koksidia tu, kwa hiyo damu ikirudi baada ya wiki tatu haina maana kwamba dawa ilikuwa feki.

Kwa hali yako

Vifaranga wa wiki tatu hadi sita, wamezubaa, damu bado haijaonekana: amprolium, leo, kwa wote bandani, wagonjwa na wazima.

Damu ipo na wamekufa wawili au zaidi tangu jana: toltrazuril kama ipo. Kama haipo, salfa kwa mpangilio wa tatu-mbili-tatu, baada ya kumfungua mmoja na kuona vile vifuko vyekundu. Usianze zote mbili.

Mitetea inayotaga iko banda moja na vifaranga, na huwezi kuwatenganisha: amprolium ndiyo pekee kati ya dawa za dukani isiyokulazimisha kutupa mayai.

Broila wa wiki nne na mnunuzi ameshalipa: hesabu siku za kusubiri kwanza, kisha uchague. Mara nyingi jibu litakuwa amprolium na maranda mapya.

Vifaranga walioletwa wakiwa wamechanjwa koksidia: usiwape amprolium wala chakula cha vifaranga chenye kinga ya koksidia katika wiki za mwanzo bila kumuuliza aliyekuuzia, maana chanjo hiyo ni vimelea hai na dawa itaiua.

Mama na vifaranga wake wa kienyeji wanaozurura uani, mmoja tu anahara: mtenge kwenye boksi kavu, mpe amprolium yeye na ndugu zake, na hamisha mahali wanapolala. Koksidia huwasumbua kidogo wanaotembea juu ya udongo mkavu kuliko wanaokanyaga maranda yaleyale mwezi mzima.

Dawa imekwenda siku tatu kamili, maranda ni makavu, na vifo havijapungua: usiongeze dawa ya pili. Weka kinyesi kibichi cha vifaranga watano au sita kwenye kopo safi, au mzoga wa leo kwenye mifuko miwili na barafu, ufikishe maabara siku hiyohiyo. Tanzania iko TVLA, Wakala wa Maabara ya Veterinari, pale Temeke na kwenye vituo vya kanda kama Arusha, Mwanza na Iringa. Kenya iko Kabete. Andika kwenye karatasi umri wa vifaranga, idadi ya waliokufa kila siku, chanjo walizopata, na dawa uliyowapa pamoja na kipimo chake. Ukifika bila karatasi hiyo, maswali ya kwanza mapokezi yatakuwa hayohayo.